Kahawa inasomeka "kohowa": herufi nene za mlazo zenye vijiguu zimenishinda kwenye mfuko wa kaki

MankaRau (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na Double Road. Kopi, laminesheni, kadi za kipaimara, kalenda za mwisho wa mwaka, na tangu Juni nimeanza kupokea kazi za lebo. Naomba msaada kwa kazi moja iliyonitoa jasho.

Kuna kikundi cha akina mama wa Kibosho, mmoja wao ni mama yangu mdogo. Wanachuma kahawa kwenye vihamba vyao (mashamba ya nyumbani), wanakaanga wenyewe, wanasaga, wanafunga kwenye mifuko ya kaki ya robo kilo. Jina lao ni "Kahawa ya Kihamba". Mama mdogo alinijia na kopo la biskuti ambalo naamini ni kubwa kwangu kwa umri (limekuwa la sindano na nyuzi tangu niko chekechea), akaweka kidole juu ya jina la kopo, akasema: "Nataka maandishi kama haya. Yamenona, yamelala, na yana vijiguu."

Nikaelewa: serifu (herufi zenye vijiguu kwenye ncha), nene, ya mlazo. Nikafungua kompyuta, nikachukua Playfair Display, ule uzito wa mwisho kabisa, wa mlazo. Kwenye skrini ilikuwa kitu cha kutundika ukutani. Mistari minene imeshiba, myembamba ni uzi mtupu, na herufi zote zimeinama kidogo mbele kama watu wanaopanda mlima. Mama mdogo akapiga vigelegele dukani. Chini nikaweka mstari mdogo, "Imekaangwa Moshi", kwa fonti nyingine, nao nikaukoza na kuulaza ili wafanane.

Nikapeleka kwa jamaa anayeprinti kwa skrini, ule wavu wa kupitishia wino. Mifuko 200, wino wa kahawia iliyoiva. Ilivyorudi, ule uzi mwembamba umekatika hapa na pale, na matumbo ya "a" yameziba yote. Sasa hesabuni wenyewe: "Kahawa ya Kihamba" ina herufi 15, na 6 kati yake ni "a". Siku ya kwanza sokoni Mbuyuni, mama mmoja akaushika mfuko, akausogeza mbali na macho, akauliza: "Kohowa? Hii ni dawa ya kifua?" Mama mdogo amenipigia simu akiwa hacheki.

Mifuko 200 nimeshaimeza mimi, sikumlaumu aliyeprinti maana alinionyesha faili langu na ni kweli ndivyo lilivyo. Ninachotaka kujua, kosa liko kwenye fonti, kwenye wino, au aina hii ya herufi haifai kabisa kwenye kitu kidogo? Na kama haifai, nimwambie nini mama mdogo na kopo lake? Picha nimeambatisha.

ChaliiYaNgarenaro (Arusha)

Dada pole, ila "dawa ya kifua" imenimaliza, nimecheka mpaka bosi kageuka.

Mimi naprinti fulana na mifuko. Kaki inakunywa wino kama ardhi ya kiangazi. Ukimwaga mstari wa milimita moja, unaondoka na moja na ushee, na hiyo ushee ndiyo inaingia kwenye tumbo la "a". Wavu wa skrini ulikuwa namba ngapi, yaani nyuzi ngapi kwa sentimita? Nikiangalia picha nahisi ni 43, ule wa fulana. Kwa karatasi yenye maandishi ya nyuzi nyuzi panda angalau 77, wino unashuka kidogo na kingo zinakaa sawa. Na mimi kwangu mstari ukiwa chini ya nusu milimita siupokei, namrudishia mteja faili lake tusije tukagombana baadaye.

Ushauri wangu wa bure: achana na vijiguu, weka Arial nene, ulale usingizi.

MchoraStika_Njiro (Arusha)

Chalii, ukiweka Arial mama mdogo ataliona kopo lake usiku akilala. Ana haki. Kahawa ya kihamba si kifurushi cha misumari.

Manka, nimekuza picha yako. Kuna mambo mawili tofauti humo na umeyaweka kwenye gunia moja.

La kwanza ni huo mstari wa chini. Angalia "a" za "Imekaangwa". Zina ghorofa mbili: tumbo chini, kofia juu. Halafu angalia "a" ya "Kahawa" juu yake: tumbo moja na mkia. Ile ya juu ni mlazo wa kweli, kuna mtu alikaa akaichora upya kuanzia mwanzo. Ya chini ni herufi ya wima iliyosukumwa begani. Fonti uliyotumia haikuwa na faili la nene ya mlazo, ukabonyeza kitufe cha kukoza na kitufe cha kulaza, programu ikakutii bila kukuuliza: ikaizungushia mstari ili inenepe, ikaipindisha ili ilale. Ndiyo maana duara za "o" zimekaa kama chungwa lililokaliwa na mtu.

Kipimo changu ni hiki. Fungua Times New Roman, ambayo karibu kila kompyuta inayo, andika neno "fundi wa saa", liweke wima, halafu nene ya mlazo. Utaona "a" imepoteza ghorofa ya juu, na "f" imeshusha mguu chini ya mstari. Familia yoyote ambayo "a" na "f" hazibadiliki ukiilaza, ishuku. Zipo za mlazo zisizobadilika kwa makusudi, hasa zile zisizo na vijiguu, lakini kwenye serifu mara nyingi ni udanganyifu wa kitufe.

La pili ni Playfair yenyewe. Siyo mbaya, mimi naipenda. Aliyeichora ni Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ikatoka 2011, na ni bure. Lakini neno "Display" kwenye jina lake si pambo. Ilichorwa kwa vichwa vya habari, iwe kubwa. Uzuri wake wote ni ile tofauti ya mnene na mwembamba, na ukiipunguza mpaka milimita nane, mwembamba anakufa kwanza. Ukoo wa fonti za Bodoni, wa kule Parma, Italia, una tabia hiyohiyo, tena kali zaidi. Kwenye jarida la karatasi laini unavutia. Kwenye kaki unakuumbua.

Mimi kazi yangu ni stika za milango ya magari ya safari. Huko ugonjwa ni mwingine. Plota, mashine ya kukata stika, inakata vizuri kabisa, lakini wakati wa kupembua, ukivuta ile stika ya ziada, uzi mwembamba wa "h" unaondoka nayo. Nimewahi kukaa na kibano usiku mzima nikirudisha vijiguu vya jina la kampuni moja, kimoja kimoja, saa tisa usiku, na gari linatakiwa geti la Tarangire asubuhi. Tangu siku ile nikiona tofauti kubwa ya unene namwambia mteja nampa fonti ya Lora. Nene ya mlazo wa Lora ina vijiguu vya kukatwa kama kwa brashi, na sehemu zake nyembamba si nyembamba sana. Nayo ni bure.

Georgia pia ingefaa. Matthew Carter aliichora miaka ya 1990 kwa ajili ya Microsoft, wakati skrini za kompyuta zilikuwa na nukta chache, kwa hiyo imezoea shida: matumbo wazi, vijiguu vizito. Ila nikuonye. Tarakimu zake hazikai mstari mmoja. 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini, 6 na 8 zinapanda, 0 inabaki fupi kama herufi "o". Kwenye sentensi zinapendeza. Niliwahi kuandika namba ya simu kwa Georgia nene ya mlazo kwenye mlango wa gari, mwenye gari akaniuliza kama namba zinaruka kamba.

MankaRau

Jamani, nimefanya hicho kipimo cha "fundi wa saa" nikajiona mjinga mbele ya kioo. Miaka minne nabonyeza vile vitufe. Kadi zote za kipaimara nilizotengeneza ni chungwa lililokaliwa.

Wavu nimeuliza, ni 43 kweli. Chalii una jicho.

BuchaLaMianzini (Arusha)

Samahani naingilia. Mimi nauza nyama, si fundi wa herufi. Bango langu limeandikwa "Nyama ya Ng'ombe" kwa aina hiyohiyo mnayoisema, nene ya mlazo. Kile kikoma cha juu kimekaa kama herufi imeanza ikaghairi. Watoto wa shule wanasoma "Nglombe". Kosa langu au la fundi?

MchoraStika_Njiro

La fundi. Ametumia kile kialama kilichonyooka cha kwenye kibodi. Kikiwa wima hakiumizi sana, lakini ukikikoza na kukilaza kinakuwa fimbo, na karibu na "g" kinaonekana kama "l" iliyokatwa miguu. Kinatakiwa kile chenye kichwa cha mviringo na mkia, kama tarakimu 9 ndogo. Baadhi ya programu zitakupa kilichogeuka, kama 6, hicho nacho kikatae. Sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na ng'ara tunakihitaji kuliko watu wengi, na mafundi wengi hawakiangalii kabisa.

MzeeBrashi (Arusha)

Salaam kwenu nyote. Mjukuu amenionyesha mazungumzo haya nikaona nisipite kimya.

Mimi nimeandika mabango Arusha tangu 1981. Kabla ya hapo nilikuwa mwanagenzi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, tukipanga herufi za risasi. Sasa macho yamepungua, naandika majina kwenye misalaba na vibao vya nyumba tu, lakini mkono bado unakumbuka.

Mwanangu Manka, mama yako mdogo hajakosea. Jicho lake liko sahihi kuliko unavyodhani. Lile kopo limemwonyesha herufi ikiwa mahali pake: kubwa, peke yake, neno moja au mawili, juu ya bati laini. Wewe umeichukua ukaifanyisha kazi ya sentensi nzima juu ya karatasi inayokunywa.

Niwaambie ilikotoka, maana msimamizi wetu pale kiwandani alikuwa hakuachi uguse droo mpaka umjue baba wa herufi. Mlazo ulianzia Venice. Mchapaji Aldus Manutius alitoa kitabu cha Virgil, mshairi wa Kirumi, mwaka 1501, chote kimepangwa kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Haikuwa kwa ajili ya kukazia neno, kama tufanyavyo sasa. Kilikuwa kitabu kidogo cha kushika mkononi, na herufi zilifuata mwandiko wa kalamu wa wasomi wa wakati ule. Na jambo ambalo vijana hamlijui: herufi kubwa zake zilikuwa wima. Zilizolala ni ndogo tu. Kwa hiyo mlazo kwa asili yake ni mwandiko wa mkono, mwembamba, mpole.

Unene ulikuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1800, London, na haukuja kwa ajili ya vitabu. Ulikuja kwa matangazo ya ukutani: bahati nasibu, michezo ya kuigiza. Wachongaji wakachukua herufi ya kitabu wakaishindilia mpaka ikavimba, ya wima na ya mlazo. Herufi nene ya kukaa ndani ya maandishi ya kawaida, ya kushindana na neno la pembeni yake, ndiyo ile Clarendon ya 1845, ya kiwanda cha Robert Besley hukohuko London. Lakini hiyo ni wima. Nene ya mlazo ni mtoto wa ukutani. Amezaliwa kupiga kelele barabarani, si kusimulia hadithi.

Hata pale kiwandani ilikuwa hivyo. Mashine yetu ya kupanga mistari ilitumia vipande vya shaba, na kila kipande kilikuwa na herufi mbili tu: ya wima na mwenzake mmoja. Mwenzake ama ni mlazo ama ni nene. Ukitaka nene ya mlazo ndani ya habari, hakuna. Ilikuwa kwenye droo yake, saizi kubwa, ya kupangwa kwa mkono. Mteja akiitaka anasubiri. Leo mnabonyeza vitufe viwili, hamsubiri mtu, ndiyo maana imejaa kila mahali mpaka kwenye risiti.

Sasa nije kwenye brashi. Ukichora mlazo kwa brashi huanzi na herufi. Unaanza na chaki. Unapiga mistari miwili ya kulala, juu na chini, halafu unapiga mistari ya kuinama, mingi, kwa kipande cha ubao ulichokikata pembe yake. Mimi changu nilikikata 1983, ninacho mpaka leo. Kinainama kidogo kuliko saa inapoonyesha dakika tatu. Ukizidisha, neno linaanguka. Ukipunguza, mtu anadhani mkono wako ulitetemeka. Kila mguu wa herufi unafuata mstari wake wa chaki, na hapo ndipo utaona siri: mguu unaweza kuwa mnene unavyotaka, lakini pale mkono unapopanda kutoka mguu mmoja kwenda wa pili, kwenye "n", "m", "h", brashi inasimama kwa ncha. Huo ndio uzi wako. Si pambo. Ni njia ya mkono kurudi juu. Ukiukata, herufi inakuwa vijiti vilivyosimama bila kujuana.

Kwa lugha yetu hili ni balaa, maana maneno yetu yamejaa "u", "n", "m", "i". Andika "uaminifu" kwa nene ya mlazo halafu simama ng'ambo ya barabara. Utaona uzio wa fito. Niliwahi kuandika "Nyumbani" kwenye hoteli moja maeneo ya Kaloleni, mwenye hoteli akaniuliza mbona nimemchorea ukuta wa makuti. Nikarudia. Nikaachanisha herufi kidogo, nikaongeza urefu wa "N" na "b" ili jicho lipate pa kushika. Tangu hapo nikipewa neno, kwanza nalisoma kama fundi: lina vichwa vinavyopanda? Lina mikia inayoshuka? "Kihamba" ni neno zuri mno kwa herufi hii. Lina "K", lina "h", lina "b", vitatu vimepanda, na vimegawana neno mwanzo, katikati na mwisho. "Kahawa" si baya, lakini "a" tatu za tumbo moja zikiziba, ndiyo hiyo kohowa yenu.

Kimo. Aliyenifundisha brashi alikuwa na sheria moja: inchi moja ya herufi kubwa kwa kila futi kumi za macho. Mfuko wa kahawa kwenye rafu mtu anausoma akiwa futi sita hivi. Hiyo ni kama milimita 15. Wewe picha yako naona "K" haifiki kumi.

Na usithubutu kuandika jina zima kwa herufi kubwa za mlazo. Nimeona vijana wanafanya. Herufi kubwa zenye vijiguu zikilala zote kwa pamoja zinafanana na abiria wa kifodi (daladala) kilichokata kona.

Nikumbuke vifodi kidogo, vijana mnisamehe. Wenye magari walikuwa wanapenda mlazo kwa sababu unaonyesha mwendo. Lakini gari letu mlango wa abiria uko kushoto, na ukisimama pembeni ya barabara upande huo, pua ya gari iko kushoto kwako. Herufi za mlazo zinaelekea kulia. Maana yake upande wa abiria herufi zinalalia nyuma ya gari, na upande wa dereva zinalalia mbele. Wengine walikuwa hawajui wanachokiona, wanasema tu upande mmoja "una spidi" na mwingine "umechoka". Konda mmoja alinilazimisha nigeuze, niandike upande wa abiria herufi zilale kushoto. Nilimwandikia. Ikawa kama jina limeshtuka.

MamaKadi_Kaloleni (Arusha)

Shikamoo mzee. Hiyo ya abiria wa kifodi nimeipenda.

Mimi ni kadi za harusi, sendofu na komunyo, na napingana na mzee kidogo, kwa heshima. Anasema si herufi ya kusimulia. Lakini kwenye kadi wanaosoma ni mababu na mabibi wa Machame na Marangu, mwanga wa taa ya sebuleni, miwani imebaki kwa mjukuu. Yale maandishi ya kujikunja kunja kama mizabibu, ambayo maharusi wanayataka, wazee hawayasomi hata herufi moja. Nene ya mlazo ni njia yangu ya katikati. Ina mahaba ya mwandiko wa mkono, lakini ina nyama. Bibi anasoma jina la mjukuu wake bila kuuliza.

Ninachokubaliana naye ni kwamba isizidi. Siku moja bibi harusi aliitaka kadi nzima, mpaka "vazi rasmi" na namba za kuthibitisha. Nikamprintia nakala moja, nikamwambia asome kwa sauti. Alifika mstari wa nne akasema macho yanamkimbia. Tukabakiza majina mawili. Na ile "na" iliyo katikati ya majina, hiyo ndiyo raha yangu binafsi: majina naweka wima, "na" peke yake naiweka nene ya mlazo, saizi ndogo, rangi ya dhahabu. Wazungu wana ile alama yao ya &, kwenye mlazo inapendeza kama ua. Sisi tuna herufi mbili tu, "n" na "a", lakini zikilala vizuri zinashikana mikono.

MzeeBrashi

Marahaba mama. Hapo umenishinda, majina mawili na "na" si hadithi, ni tangazo. Tangazo la furaha.

ChaliiYaNgarenaro

Mzee shikamoo. Naondoa Arial yangu kimyakimya.

MankaRau

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Naleta mrejesho wa wiki mbili.

Kwanza nilimweka mama mdogo chini, nikamwomba alete kopo. Tukapima kwa rula: "K" ya kwenye kopo ina milimita 31! Na jina la kopo ni neno moja tu. Alivyoona mwenyewe akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe lilikuwa linapiga kelele, mimi nikadhani linanong'ona."

Nikagawa jina. "Kahawa ya" nimeiweka juu, ndogo, wima, unene wa kawaida. "Kihamba" peke yake ndiyo nene ya mlazo, na "K" ina milimita 15 kamili kama alivyosema mzee. "a" zilizokuwa hatarini zimepungua kutoka 6 mpaka 2. Nilijaribu Playfair tena kwa ukubwa huo, ikapona kiasi lakini mkono wa kupanda kwenye "h" na "m" ulikuwa bado unakatika. Georgia mama mdogo aliikataa, anasema inanuka benki. Tukaishia Lora. Nikaigeuza kuwa michoro kwenye programu, nikafungua matumbo ya "a" na "b" kwa mkono, kidogo tu, na sehemu nyembamba kabisa nikahakikisha haishuki chini ya milimita 0.6. Chalii, wavu ni 77 safari hii, jamaa alinunua kwa ajili yangu na amenipandishia bei.

Mstari wa chini, "Imekaangwa Moshi", umesimama wima. Hausukumwi tena na mtu.

Kabla ya kwenda kwenye skrini niliprinti karatasi ya kawaida kwa saizi halisi, nikakata, nikagundisha kwenye mfuko, nikauweka kwenye rafu ya daftari. Kila mteja aliyeingia kupiga kopi nilimuuliza: pale pameandikwaje? Watu 23. Wote walisema Kihamba. Mmoja, mzee wa Old Moshi, aliongeza, "Na bei yake?"

Namba ya simu nimeiweka nyuma, fonti isiyo na vijiguu. Hairuki kamba.

Mifuko 300 inatoka Alhamisi. Ila mama mdogo ameshaanza habari nyingine: wanataka na unga wa ndizi, na jina wamechagua "Ng'arisha". Nimemwambia asubiri kwanza nitafute kile kikoma chenye kichwa.

MzeeBrashi

Vizuri sana mwanangu. Ila hiyo 0.6 usimwamini fundi kwa mdomo, mwombe mfuko mmoja wa majaribio wino ukiwa umekauka, si ukiwa mbichi. Wino mbichi unadanganya.

Na "Ng'arisha" ina "g" inayoshuka mara tu baada ya herufi kubwa, halafu hicho kikoma juu yake. Hapo patakuwa na msongamano. Nitumie mchoro kabla hujalipa mtu. Mfuko mmoja wa kahawa uweke kwenye basi la asubuhi, nitamtuma mjukuu stendi.

BuchaLaMianzini

Mzee, na bango langu je?

MzeeBrashi

Wewe njoo na rangi nyeupe, kopo dogo. Nitakurekebishia kikoma nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nusu kilo ya steki inatosha.